Mama tangu ahamie kwangu Madale kawa mtu mwingine, ni uzee au kuna kitu?

Shikamoo anti. Mi ni msomaji wako wa kimya kimya, huwa napita nasoma matatizo ya wenzangu naguna naondoka, leo na mimi yamenikuta. Jina naomba usiliweke maana ndugu zangu wanakusoma.

Niko Madale, nina mume na watoto wawili, kazi yangu iko Posta. Mama yangu ana miaka 71. Tangu aolewe kaishi Tandika kwenye nyumba ya baba, hizi za kizamani za korido katikati, vyumba sita, mbele wapangaji, nyuma wao, choo uani. Baba alifariki mwaka juzi. Mama akakaa eda palepale akamaliza salama, masika yalipoingia akatoka usiku kwenda chooni akateleza akavunjika kiwiko, yaani alilala kwenye tope mpaka mpangaji mmoja alipotoka ndo akamkuta. Tukakaa kikao, mimi na mama mdogo, kaka yangu yuko Muscat tukamweka kwenye simu, tukaona hapana, mama aje kwangu.

Na kwangu anti si pa kubabaisha namshukuru Mungu. Ana chumba chake na choo humohumo ndani, cha kukaa, maji ya moto, tailizi, feni, tv yake ukutani na king'amuzi nikamlipia. Hapiki hafui hafagii, kuna dada wa kazi. Nje fensi ya umeme, geti la rimoti, mtaa kimya hata jogoo humsikii. Mi nikasema mama yangu sasa anapumzika, mtu ambaye tangu sijazaliwa anaamka saa kumi usiku kukoroga vitumbua vya kuuza. Na alikuwa kijumbe wa mchezo wa wanawake pale mtaani, nilipomhamisha nikamwambia daftari amkabidhi mwenzie, mambo ya hela za watu na umri ule hayaendani.

Mwanzo alikuwa sawa, anacheka, maji ya moto anayasifia kwa kila mgeni. Baadae ndo akaanza kubadilika. Chakula anakigusa tu, usiku halali nasikia kandambili zake zinazunguka chumbani halafu mchana ndo anasinzia. Anauliza leo siku gani, namjibu, muda kidogo anauliza tena. Juzi kamwita mwanangu mkubwa kwa jina la kaka. Mwili wote unauma, mara mgongo mara magoti mara moyo unawaka. Ana sukari, metfomini kaitumia miaka mingi, na presha, dawa zote anakunywa dada anamsimamia. Nilimpeleka zahanati moja ya jirani wakapima sukari na malaria, wakasema ni uzee huo, wakampa vitamini.

Halafu kuna hili la kiti. Kuna kipindi jioni akawa anachukua kiti cha plastiki anakiweka nje ya geti anakaa kajitanda khanga yake. Anapita muuza maji wa mkokoteni anasalimiana nae, mafundi wanaojenga kwa jirani anawapigia stori, kijana wa bodaboda akawa anamwita bibi. Magari ya majirani yanapita vioo vyeusi, yeye anayapungia mkono tu. Basi admin wa grupu letu la WhatsApp la mtaa akanifata inboksi, kwamba bi mkubwa wako anakaa na watu wasiojulikana pale nje, anaongea mpaka ya ndani, huo ndo mlango wa wezi, na wengine wanalalamika mtaa unaanza kuonekana kama uswahilini. Niliona aibu anti. Nikamwambia mama asikae tena pale, kama anataka hewa bustani ipo nyuma. Hakubisha hata neno, akakibeba kiti chake mwenyewe akakirudisha. Tangu siku hiyo ni chumbani tu, na mume wangu akiwepo ndo kabisaa, hata chakula anapelekewa ndani.

Wiki iliyopita nimerudi kazini nikamkuta kafungasha nguo zake zote kwenye shangazi kaja. Nikamuuliza mama safari ya wapi, akanijibu "namfata baba yenu". Mpaka leo sijajua alimaanisha Tandika au makaburini.

Mama mdogo anasema kuna mkono wa mtu, kuna wapangaji walikuwa hawampendi, anataka tumpeleke kwa mtaalamu Mkuranga. Kaka anasema ni ugonjwa wa kusahau wa wazee, kaona video, hauna dawa, sasa bora tuuze ile nyumba ya Tandika maana kuna mtu anaitaka apige fremu za maduka na dalali anapiga simu kila siku, hela tumwekee mama nesi wa nyumbani. Mume wangu hasemi kitu ila naona kachoka. Na mimi moyoni nina kinyongo kidogo, nisikufiche, nimempa mama kila kitu na ananuna kama nimemfunga jela.

Nifanye nini anti? Ni uzee, ni ugonjwa, au hiyo nyingine ya mama mdogo?

Njia panda, Madale

* * *

Marahaba mdogo wangu. Nianze na hiyo shangazi kaja maana mengine yote yanaweza kusubiri na hili haliwezi.

Leo usiku, usisubiri wikiendi, ingia chumbani kwa mama yako funga mlango kaa kitandani kwake umuulize. Mama uliposema unamfata baba ulikuwa unamaanisha Tandika au unatamani kufa? Kwa maneno hayohayo. Najua utaona kama unamtabiria mabaya, watu wengi wanaogopa kwamba ukimuuliza mtu hivyo ndo unamtia wazo kichwani, sivyo, kuuliza hakupandi wazo, kunampa nafasi ya kulitoa. Akikwambia Tandika mshukuru Mungu mwendelee kuongea. Akikwambia amechoka kuishi, au akinyamaza machozi yakawa yanatoka, basi asubuhi kazini huendi, mnakwenda hospitali kubwa yenye kitengo cha afya ya akili, Muhimbili wanacho, na hospitali ya rufaa ya mkoa watawaelekeza. Kabla hujalala dawa zote za sukari na presha zitoke chumbani kwake, na sumu ya panya kama ipo stoo itupe, na asilale peke yake, mjukuu mmoja ahamishie godoro kwa bibi.

Sasa tuje kwa kaka na video zake. Kusahau si lazima iwe ule ugonjwa. Pale wilaya ya Hai Kilimanjaro watafiti walizunguka nyumba kwa nyumba wakiwapima wazee wa miaka 70 kwenda juu, matokeo yakatoka mwaka 2013, waliokutwa nao walikuwa kama 6 katika kila 100. Kwa hiyo upo, lakini wazee wengi hawana. Na pale zahanati walikosea kuishia kwenye sukari na malaria. Metfomini ikitumika miaka mingi inaweza kushusha vitamini B12 mwilini, na B12 ikishuka mtu anasahau, anachoka, anakosa raha, miguu inakufa ganzi, na hicho ni kitu kinachopimwa kwa damu na kinatibika. Tezi ya shingo nayo ikizembea inafanya hivyohivyo. Mkojo ukiwa na maambukizi mzee anaweza kuchanganyikiwa ghafla hata homa hana. Apimwe masikio pia na macho, mtu asiyesikia vizuri anajibu pembeni mnasema kapoteza kumbukumbu. Na sonona mdogo wangu, yaani ugonjwa wa huzuni, hii kwa wazee mara nyingi haiji na kulia, inakuja na mgongo, magoti, moyo unawaka, usingizi umepotea, chakula hakipiti, na kichwa kizito kisichoshika mambo. Ukiisoma tena barua yako hiyo sonona umeiandika yote kuanzia juu hadi chini, hukujua tu jina lake. Mwambie daktari kwa maneno hayo, nahisi mama ana sonona naomba umpime, usiseme tu "mzee hajisikii vizuri" ukarudi na vitamini nyingine.

Halafu kuna kipimo changu mimi, si cha daktari, ila kifanye. Muulize mama katika mchezo wa mwisho nani hakumaliza kutoa hela. Akikutajia jina la mtu, anakaa nyumba gani na amebakiza shilingi ngapi, mpigie kaka Muscat mwambie.

Mkuranga sitaki kubishana na mama mdogo, ni mkubwa wangu pengine. Ila mkono wa mtu upo kweli kwa namna nyingine, ngoja nikuoneshe.

Wewe ulipomhamisha mama ulihesabu vitu, choo, maji ya moto, feni, usalama, na vyote ni vya kweli wala sikudharau, kiwiko kilivunjika pale uani hakikuvunjika kwenye stori. Sasa hebu ihesabu siku yake ya Tandika. Saa kumi usiku anakoroga. Kumi na mbili kaweka karai barazani, watoto wa shule wanapanga foleni, kila mmoja anamjua ni wa nani na baba yake anadaiwa nini. Saa tatu kamaliza, anavuka barabara kwenda dukani kwa mafuta anasimama njiani mara nne. Adhuhuri msikitini au kibarazani na wenzie. Jioni wanawake wanapita na hela ya mchezo mmoja mmoja, kila anayekuja anakaa kidogo, analeta na habari ya mumewe. Anachota, anahesabu, anaandika. Katika siku hiyo kuna mazoezi ya miguu, kuna hesabu, kumbukumbu ya majina, kuna kucheka na kugombana, na kuna watu ambao asipoonekana saa mbili asubuhi watagonga dirisha. Ndo maana mpangaji alimkuta usiku ule. Jiulize akianguka bafuni kwako saa nne asubuhi, wewe Posta, watoto shule, dada kaenda sokoni, nani anamkuta?

Na ile kuuliza leo siku gani, wala isikushangaze sana hata kama tunaipima. Tandika Ijumaa ina sauti yake, siku ya mtu kupokea mchezo ina sauti yake, siku wenye fremu wanaposhusha mzigo unaijua hata ukiwa umelala. Kwako Jumatatu na Alhamisi zina tofauti gani kwa mtu aliyekaa chumbani? Hata mimi ningeuliza.

Alifiwa na mume, hilo la kwanza. Eda ikaisha, na mjane akitoka eda ndo anatakiwa arudi kwa watu, sasa yeye akatoka eda akaingia nyingine ambayo haina mwisho. Tazama ndani ya hiyo nyumba yako nzuri. Jikoni ni pa dada. Sebuleni ni pa mkwe, na mama yako ni mama wa zamani, hawezi kunyoosha miguu mbele ya mume wa binti yake, hata kucheka kwa sauti anajizuia, ndo maana mkwe akirudi yeye anaingia ndani, si kununa huko mdogo wangu ni heshima. Nje ya geti pakawa pake kwa muda, hapo alijitafutia mwenyewe, kajitibu mwenyewe bila kumsumbua mtu, hapo nako admin akapafunga kwa mkono wako. Kabakiwa na kitanda. Na daftari ulishamnyang'anya. Kwa kweli ningekuwa mimi ningefungasha mapema zaidi.

Kwa hiyo hicho kinyongo chako kiweke chini. Hujafanya roho mbaya, umefanya kama watoto wengi wa mjini wanavyofanya tukipata, tunawatoa wazazi kwenye shida tunawaweka kwenye starehe ambayo ni starehe kwetu sisi tunaorudi saa mbili usiku tumechoka na watu. Wewe ukimya unautafuta maana siku nzima uko kwenye foleni na kelele za ofisi. Yeye ukimya anaamka nao, anakula nao.

Hili la mtaa kuingia kichwani mwa mtu si falsafa yangu ya mezani. Shirika la Afya Duniani mwaka 2007 walitoa mwongozo wa miji inayofaa wazee, waliwauliza wazee wenyewe kwenye miji 33, na wazee wakaulizwa mji mzuri ni upi wakawa wanataja vitu vidogovidogo: mahali pa kukaa njiani, njia ya kutembea isiyo na mashimo, choo cha umma, kivuko ambacho gari linakusubiri. Mahali pa kukaa! Waswahili tulilijua zamani, nenda Mji Mkongwe Unguja uone mabaraza ya mawe yaliyojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, nyumba yenyewe inamkaribisha mpita njia akae. Sisi huku Madale, Goba, Bunju na Kibada tumejenga mitaa mizima ambayo hakuna pa kukaa hata jiwe, ukuta mpaka ukuta, na barabara ya vumbi katikati ambayo mzee akitoka bila gari kageuka mshukiwa. Na mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet walitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau ambayo yanaweza kupunguzwa, ndani yake kuna kutosikia, kutoona, sonona, na kukosa watu wa kuwa nao. Kaka anataka kuuza nyumba yenye watu ili amtibu mama ugonjwa ambao kukosa watu kunaukaribisha. Mwoneshe hiyo kwenye video zake.

Hapa nikwambie kitu kimoja kilichonikera kwenye barua yako kuliko vyote. Harare kule Zimbabwe, mtaa wa Mbare, mwaka 2006 daktari mmoja wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, hakuwa na wataalamu wa kutosha wala chumba cha kuwaweka, akawachukua bibi 14 wa palepale mtaani akawafundisha namna ya kumsikiliza mtu mwenye mawazo, wakakaa kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Watu wanakuja wanakaa na bibi wanaongea. Mwaka 2016 matokeo ya utafiti yakachapishwa, waliokaa na wale bibi wakapungukiwa na sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Leo madaktari wa nchi za watu wanaiga. Yaani Harare bibi kwenye benchi ni tiba, Madale bibi kwenye kiti cha plastiki ni tishio la usalama! Na huyo admin ana kamera ngapi kwenye fensi yake, mwenzie kiti kimoja tu kinaona kila anayeingia na kutoka mtaani na kinamjua kwa jina. Mwizi anaogopa nini zaidi?

Usinielewe vibaya ukadhani nasema uswahilini ni peponi. Mtu anayeisifia Tandika huku analala Madale mimi simwamini. Pale kuna kigodoro kinapiga mpaka alfajiri mzee presha imepanda hana pa kukimbilia, kuna baa ukutani, mitaro iko wazi watu wanatumbukia, mvua ikinyesha maji na uchafu vinaingia ndani, vibaka wanakwapua simu mchana. Mzee asiyelala kwa kelele na anayeogopa kutoka usiku naye akili yake inachoka, hilo nalo ni mtaa unamuumiza. Na kuna wazee hawakuhama kwa hiari, hamishahamisha za mabondeni zile, watu walitolewa Jangwani baada ya mafuriko ya Desemba 2011 wakapelekwa Mabwepande, sehemu kavu haina maji ya kuingia ndani, ila majirani wa miaka thelathini wametawanyika, uliza wazee walioondoka hivyo wanachokikumbuka. Kwa hiyo si kuchagua kati ya choo kizuri na watu. Mama anataka vyote viwili, na kwa bahati yenu nyie mna uwezo wa kumpa vyote viwili, familia nyingi hazina.

Kodi ya vyumba vya mbele pale Tandika inakwenda wapi? Hujasema, nami nakisia inaingia kwenye simu ya mtu. Kuanzia mwezi huu ijenge choo cha ndani, chukua kachumba kamoja ka nyuma, weka choo cha kukaa, sakafu ya saruji isiyotereza siyo hizo tailizi zako, vyuma viwili vya kushikia ukutani, taa ya nje inayowaka usiku kucha, na mfuniko kwenye mtaro wa mbele. Fundi wa pale mtaani anaijua kazi hiyo. Ikiisha mama alale Tandika siku za katikati ya wiki, au kinyume chake, yeye achague mwenyewe, nasisitiza yeye, maana tangu afiwe hakuna kitu hata kimoja ambacho kaamua. Kikao mlikaa nyie watatu, sijaona mahali uliposema mama alisema nini. Yule mpangaji aliyemwokota usiku ule mpunguzieni kodi awe anachungulia asubuhi na jioni, mpe na namba yako. Dawa mzigawe kwenye kile kikopo cha siku saba. Na ukimkuta kamwaga sukari kwenye chai usimpigie kelele mbele ya wenzie.

Vitumbua ashike tena lakini siyo karai zima, saa kumi usiku sasa hapana, hata akianza saa kumi na mbili watoto wa mchana watakula. Daftari la mchezo mrudishieni. Kama mna wasiwasi na hela za watu, aliyekabidhiwa ashike hela, mama ashike kalamu.

Hizo siku anazokuwa kwako usimfanye mgeni. Dada asimwambie "bibi kaa upumzike", hiyo sentensi inaua wazee wengi kuliko unavyodhani, amwache achambue mchele, amfundishe kupika samaki wa nazi anavyojua yeye, amkosoe kidogo. Mume wako ongea nae, na usiongee kwa kulalamika. Mwambie amwamkie mkwewe mlangoni kila akirudi na amtume kitu, "mama leo nina hamu ya vitumbua vyako", mwanaume akimwomba mkwewe chakula kampa nyumba. Kaweke kabaraza pembeni ya geti kwa ndani penye kimlango cha watu, kiwe wazi jioni, hapo yuko kwako na barabara anaiona. Na msikiti wenye sehemu ya wanawake uko umbali gani? Kama ni kutembea dakika kumi jua likipoa mtu amsindikize, kama ni mbali yule kijana wa bodaboda anayemwita bibi umeshampata dereva, ila aendeshe polepole na kofia ngumu avae. Pia nenda ofisi ya serikali ya mtaa ulizia baraza la wazee, mitaa mingi linakuwepo ila huku mashamba mapya watu hawajui hata mwenyekiti wao anakaa wapi, utashangaa nyuma ya hizo fensi kuna bibi na mababu wangapi wamekaa na tv kila mmoja na chumba chake. Majirani zako wenye vioo vyeusi wana mama zao pia.

Yule admin mjibu, tena kwenye grupu siyo inboksi. Kwamba yule ni mama yangu mzazi, anaitwa bibi fulani, jioni atakuwepo nje, anayependa aje amsalimie, na mwenye mzazi wake ndani amlete wakae wawili. Wengine watakaa kimya, watakaojibu utawajua ndo majirani.

Kwa daktari akiandikiwa dawa za sonona anywe na msizikatishe mkiona kachangamka, huwa zinachukua wiki kadhaa kuonesha kazi, na daktari aambiwe dawa zake zote za sukari na presha zisije zikagombana. Nisikilize vizuri hapa, kurudi Tandika hakuchukui nafasi ya hospitali, na hospitali haichukui nafasi ya Tandika.

Imebaki nyumba. Msiuze. Kwanza mzee amefariki, mmefungua mirathi? Kuna msimamizi aliyethibitishwa na mahakama? Kama hakuna, huyo dalali anayepiga simu kila siku anawanunulia kesi. Pili mama ana fungu lake, kwa mirathi ya Kiislamu mjane aliyeachiwa watoto ana thumni, moja ya nane, na hapo sijagusa vitumbua vilivyonunua bati. Tatu hata kama karatasi zote zingekuwa sawa, nyumba ile ikigeuka fremu, mama akisema anataka kurudi mtamrudisha wapi, kwenye duka la vipodozi? Kaka akiwa na hela ya nesi aitume, itamlipa yule mpangaji na fundi wa choo na chenji itabaki. Akipiga tena dalali mpe simu mama yako aongee nae mwenyewe.